Notisi ya kuhama: inaanzia wapi na inaishia wapi

Karatasi ilikuwa imechanwa kutoka daftari la shule, la mistari, ikachomekwa kwenye kitasa cha mlango. "Chumba nambari 6. Umepewa notisi. Uhame kufikia tarehe 10." Ilikuwa jioni ya tarehe 4 Mei, kule Magongo, Mombasa. Jirani yangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuuza mahamri, beseni bado liko kichwani. Kodi yake ilikuwa 4,500 kwa mwezi. Ya Aprili hakuwa ameilipa, na ya Mei ilikuwa imeshaingia. Aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaniuliza, "Sasa siku sita nitafute wapi chumba?" Nikamwambia aanze kufunga vyombo, maana notisi ni notisi. Lilikuwa jibu baya, nalo limenisumbua muda mrefu.

Notisi ya kuhama ni taarifa kutoka upande mmoja wa upangaji kwenda upande wa pili, kwamba upangaji huu utakoma siku fulani. Ni taarifa tu. Si amri, wala haimpi mtu yeyote ruhusa ya kugusa mlango wako. Kazi yake ni kuanzisha hesabu ya siku. Siku hizo zikiisha na mpangaji bado yumo ndani, mwenye nyumba anapata haki ya kwenda mbele ya korti au jopo, yaani baraza maalumu la kesi za kodi, kuomba amri ya kumtoa. Amri hiyo ndiyo inayomtoa mtu. Katika mazungumzo yetu tumevichanganya viwili hivi mpaka mtu akisema "nimepewa notisi" wenzake wanampa pole kama aliyekwisha kufukuzwa, na wengi huhama kwa hofu kabla sheria haijasema neno.

Kuna na kitu cha tatu kinachotangulia vyote viwili, nacho ni deni lenyewe. Kuchelewa kodi ni kuvunja ahadi ya mkataba, hata kama mkataba wenu ulikuwa wa mdomo mbele ya kareteka, yule msimamizi wa ploti. Siku ya kodi ni ile mliyokubaliana. Kwenye ploti nyingi ni tarehe 1, na mtu huvumiliwa mpaka tarehe 5. Tarehe 6 tayari umechelewa na unadaiwa. Lakini kudaiwa na kupoteza nyumba ni mambo mawili tofauti, na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imeweka nafasi kati yake: mwenye nyumba anaweza kutoa notisi ya kukatisha upangaji kwa sababu ya kodi pale kodi hiyo ikikaa mwezi mmoja bila kulipwa baada ya siku yake.

Swali la kwanza la kujiuliza ukishika karatasi ya namna hii ni sheria ipi inayoihusu nyumba yako, kwa sababu Kenya ina zaidi ya moja na siku zake hazilingani.

Ikiwa ni nyumba ya kuishi na kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, iko chini ya ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye jopo lake. Huko mwenye nyumba hawezi kupata amri ya kumtoa mpangaji mpaka aonyeshe mojawapo ya sababu zilizotajwa kwenye sheria. Kodi kutolipwa ni mojawapo, lakini hata hapo jopo huangalia kama ni haki kutoa amri hiyo. Sheria hiyo inahesabu pia kuwa ni kosa kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame. Ni ulinzi mzuri, ila kiwango chake ni cha zamani mno. Kodi ya msingi inayotumika kupima bado ni ile ya tarehe 1 Januari 1981. Chumba cha 2,500 leo mjini ni cha kutafuta kwa tochi, kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa ajili ya maskini inawapita maskini wengi juu ya vichwa vyao. Jambo hili linaniudhi kila nikilifikiria.

Chumba cha jirani yangu, kwa 4,500, kilikuwa nje ya mpaka huo. Kinachobaki ni mkataba, na pale mkataba uliponyamaza, Sheria ya Ardhi. Kodi inayolipwa mwezi kwa mwezi bila muda wa mwisho hufanya upangaji wa vipindi, na kipindi chake ni mwezi. Kuukatisha, notisi isipungue kipindi kimoja, na iishie kwenye siku ambayo kodi hulipwa. Maneno hayo ya mwisho wengi hawayajui, na ndiyo yenye uzito. Tuchukue karatasi ile ya daftari. Imepokewa tarehe 4 Mei. Mwezi kamili unaishia tarehe 4 Juni, lakini tarehe 4 si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Julai. Kwa hiyo hata tukiichukulia kwa wema wote, notisi ile haingeweza kukomesha chochote kabla ya tarehe 1 Julai. Tarehe 10 Mei iliyoandikwa pale ilikuwa matakwa ya aliyeiandika.

Sheria hiyohiyo inambana mpangaji naye. Ukiamka asubuhi ukapakia vyombo kwenye mkokoteni bila kumpa mwenye nyumba mwezi wake, unadaiwa. Notisi si fimbo ya upande mmoja.

Na kama mwenye nyumba anakatisha kwa sababu ya kosa, yaani kodi, badala ya kusema tu kwamba anataka chumba chake, anatakiwa atoe notisi isiyopungua siku 30 inayotaja kosa ni lipi na inayompa mpangaji muda wa kulirekebisha. Ile karatasi haikutaja deni, haikutaja kiasi, haikuwa na jina la aliyeitoa wala sahihi. "Umepewa notisi" haielezi kosa. Mpangaji aliyepewa notisi kamili na akalipa deni ndani ya muda aliopewa amerekebisha kosa. Asipoweza kumaliza, bado anaweza kwenda kortini kuomba asinyang'anywe upangaji, na korti ina uwezo wa kumpa masharti ya kulipa. Tena mwenye nyumba aliyekwisha kutoa notisi, kisha akapokea kodi ya mwezi mpya kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kawaida huhesabiwa ameisamehe ile haki ya kumtoa kwa kosa la zamani. Ndiyo maana mawakili wa wenye nyumba huwaonya wasipokee pesa hizo bila kuandika barua. Nawe usifute ujumbe wa M-Pesa, hata wa shilingi 500.

Duka, kibanda cha chakula, saluni, hayo ni ya sheria nyingine, Sura ya 301, ya mwaka 1965. Hiyo inamlinda mfanyabiashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, au mwenye mkataba unaoweza kukatishwa ndani ya miaka hiyo kwa sababu isiyo kosa. Notisi yake hutolewa kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu ipokewe. Lazima itaje sababu, na imtake mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa. Sababu mojawapo inayokubalika ni kodi kukaa miezi miwili bila kulipwa. Nyingine ni ile ya mpangaji mwenye mazoea ya kuchelewa: analipa, ndiyo, lakini kila mwezi kwa kusukumwa. Watu wa maduka wafahamu kwamba kulipa mwishowe hakufuti mazoea.

Akikataa, mpangaji hupeleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya notisi haijafika, na notisi husimama mpaka jopo liamue. Akikaa kimya, notisi inafanya kazi yake. Nimeona mtu wa duka la simu akipoteza nafasi aliyoikalia miaka tisa kwa sababu aliitia ile fomu kwenye droo akisema "tutaongea na mzee". Waliongea mara tatu, wakacheka, wakanywa kahawa. Maongezi hayakusimamisha siku.

Sasa kufuli. Hili ndilo linalotokea zaidi kuliko notisi yoyote. Mpangaji anarudi usiku anakuta kufuli la pili juu ya la kwake, watoto wamekaa kwenye ngazi na sare za shule. Au maji yamekatwa, stima imeondolewa, mlango umeng'olewa. Mwaka 2020, wakati wa korona, kazi zilipokatika, tuliona picha za mabati yaliyovuliwa juu ya vichwa vya watu kwa sababu ya kodi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo notisi, na hakuna lililo amri. Chini ya Sheria ya Ardhi, mwenye nyumba hawezi kujirudishia nyumba kwa kuingia mwenyewe ila pale ambapo hakuna mtu anayeikalia. Akiwamo mtu, njia ni korti. Hata mpangaji mwenye deni la miezi minne analindwa na hilo, kwa sababu deni linadaiwa kama deni na nyumba inadaiwa kama nyumba. Chifu anaweza kuwakalisha chini na kuwapatanisha, na mara nyingi hilo ndilo la haraka zaidi, lakini chifu hatoi amri ya kumtoa mtu.

Madalali nao wana mlango wao. Mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutumia Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, kupitia dalali mwenye leseni. Dalali huja na barua ya kazi, huandika orodha ya vitu, televisheni, friji, kochi, na kumpa mpangaji muda wa kukomboa kabla ya mnada. Zingatia kwamba dalali wa namna hii anakuja kwa vitu. Hakuja kwa nyumba. Akikwambia "leo unatoka", mwombe amri ya korti, na uisome jina na nambari ya shauri. Vijana wanne wasio na karatasi, waliotumwa na ajenti, si madalali hata wakijiita hivyo.

Ningekuwa nimedhulumu kama ningemaliza bila kusema kuhusu mwenye nyumba. Wa kwetu alikuwa mzee mstaafu mwenye vyumba vinane, aliyevijenga kwa malipo yake ya uzeeni, na viwili vilikuwa havijalipa. Kwake 4,500 ilikuwa dawa ya presha. Aliweka ile karatasi kwa kuchoka, baada ya ahadi tatu za "kesho mzee wangu". Notisi iliyoandikwa vizuri ingemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote: jina la mpangaji, nambari ya chumba, kiasi kinachodaiwa na cha miezi ipi, siku ya mwisho iliyohesabiwa sawasawa, tarehe, sahihi, na nakala moja aliyotia sahihi mpokeaji. Karatasi ya daftari inaweza kubeba hayo yote. Haihitaji nembo wala wakili. Mwenye notisi mbovu akifika kortini huambiwa aanze upya, na miezi inaendelea kula.

Hapa Pwani kuna jambo moja ambalo watu wa bara hulikosa. Mombasa tuna nyumba nyingi zisizo na ardhi: mwenye nyumba ana kuta na paa, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Mpangaji wa chumba aliyelipa kila mwezi bila kukosa anaweza kuamka na kukuta barua ya kuhama iliyotoka kwa mwenye kiwanja ambaye hajawahi kumwona. Kabla ya kupanga, uliza kiwanja ni cha nani.

Asubuhi ya tarehe 6 jirani yangu alikwenda mwenyewe kwa mzee na ile karatasi mkononi, mimi nikiwa nyuma yake. Hakugombana. Alikuwa amepata 3,000 kwenye chama chake cha kuweka akiba. Akaziweka mezani, akaomba waandikiane kwamba 1,500 ya Aprili itamalizwa tarehe 20 na ya Mei ilipwe pamoja na ya Juni kwa mafungu mawili. Mzee akasema atumie dipoziti, jirani yangu akakataa kwa adabu, akasema, "Hiyo, mzee wangu, ni ya siku nitakayohama." Wakaandika kwenye daftari lilelile, ukurasa uliofuata ule uliochanwa, na wote wawili wakatia sahihi. Mimi nikaandika jina langu kama shahidi.