Je, wajua kwa nini chama cha siasa huhoji watu 50,000 ilhali 1,000 wangetosha?

Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha video iliyonaswa kwa siri. Humo Mark Turnbull, mmoja wa wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, alijisifu kwamba nchini Kenya walikibadilisha sura mara mbili chama cha Jubilee, kilichokuwa kikitawala, wakakiandikia manifesto na kufanya awamu mbili za utafiti wa watu 50,000. Jubilee kilijibu kuwa kazi ilikuwa ya kukipa chama nembo na mwonekano tu.

Majigambo au la, ile 50,000 ina hesabu yake. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa picha ya nchi nzima, kiwango cha makosa kikiwa asilimia 3 juu au chini. Lakini ibara ya 138 ya Katiba ya Kenya humtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Gawa 1,000 kwa 47: kila kaunti inabaki na watu 21, na makosa yanaruka hadi asilimia 21. Ukigawa 50,000, kila kaunti inapata zaidi ya 1,000, na unarudi kwenye asilimia 3.

Majibu hayo hulinganishwa na matokeo ya uchaguzi uliopita, kaunti kwa kaunti. Kwenye ngome yako, pesa huenda kwa kuwatoa watu nyumbani siku ya kura. Penye ushindani hupelekwa mikutano na matangazo. Ngome ya mpinzani hupewa mawakala wa kulinda fomu za matokeo, basi. Kumwambia mgombea asikokwenda ndiyo kazi ngumu ya mshauri, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kura chache huweza kuamua: katika uchaguzi wa rais wa 2022 William Ruto alimpita Raila Odinga kwa kura 233,211. Ukizigawa kwa vituo zaidi ya 46,000, ni kama kura tano kwa kila kituo.

Mambo huharibika mapema, kwenye kukusanya majibu. Mhoji aliyechoka hujijazia dodoso chini ya mti, ndiyo maana msimamizi makini huwapigia tena simu baadhi ya waliohojiwa. Utafiti wa simu pekee huwaacha wasio na simu, wengi wao wa vijijini. Orodha za wanachama nazo ni mtego: Juni 2021 Wakenya wengi walikagua mtandaoni wakajikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyojiunga navyo. Chama kinachopanga kampeni kwa orodha ya namna hiyo huhesabu kura ambazo hakuna aliyeziahidi.