Adiabatiki haimaanishi entropia imesimama

"Joto halikuingia wala halikutoka, kwa hiyo mabadiliko ya entropia ni sifuri." Wanafunzi huiandika hivyo kwenye mitihani, na baadhi ya walimu huipigia tiki. Nusu ya kwanza ni kweli. Kosa limejificha kwenye "kwa hiyo".

Mchakato wa adiabatiki ni ule ambao gesi haipokei joto wala haitoi: Q = 0. Basi. Entropia nayo, kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, tangu mwanafizikia Clausius alipoipa jina mwaka 1865, mabadiliko yake hupimwa kwa kugawanya joto kwa halijoto, lakini joto la njia inayorejesheka peke yake, yaani ile inayoweza kugeuzwa nyuma hatua kwa hatua. Sharti hilo ndilo watu huliruka.

Chukua moli moja ya heli, tuihesabu kama gesi bora (gesi ya kufikirika ambayo molekuli zake hazivutani), ikiwa kwenye kelvini 300 ndani ya silinda isiyopitisha joto. Ujazo wake uongezeke mara mbili. Fomula ni hii, ambapo ΔS ni mabadiliko ya entropia, n idadi ya moli, Cv uwezo wa joto wa moli moja ujazo usipobadilika, R kigezo cha gesi, ln logi asilia, T halijoto na V ujazo (1 ni mwanzo, 2 ni mwisho):

ΔS = nCv ln(T2/T1) + nR ln(V2/V1)

Pistoni ikirudi nyuma polepole, shinikizo la nje likikaribiana na la ndani muda wote, gesi inafanya kazi kubwa iwezekanavyo na kupoa hadi kelvini 189 hivi. Sehemu ya ujazo inaleta +5.76 J/K, ya halijoto −5.76. Jumla ni sifuri, na hapa mwanafunzi wetu amepatia.

Sasa ondoa pistoni, gesi itawanyike kwenye nafasi tupu. Mwanafizikia Joule alijaribu jambo hili kwa hewa mwaka 1845, vyombo viwili vikiwa ndani ya maji, na kipimajoto hakikuonyesha badiliko. Hakuna kilichosukumwa, hivyo hakuna kazi iliyofanyika. Kwa gesi bora halijoto inabaki 300. Q bado ni sifuri, lakini ΔS ni R ln 2, yaani 5.76 J/K.

Kati ya hizo mbili kuna pistoni iliyoachiwa ghafla dhidi ya shinikizo la nje lisilobadilika, lililo sawa na la mwisho la gesi. Hapo gesi inaishia kwenye kelvini 225, na entropia inapanda kwa 2.2 J/K hivi.

Wengine hujitetea: entropia haijali njia, inajali mwanzo na mwisho tu. Sawa kabisa, ila tazama halijoto: 189, 225, 300. Ujazo ni uleule, miisho ni mitatu tofauti. Njia ya adiabatiki inayorejesheka haifiki kamwe pale inapofika ile ya ghafla, kwa hiyo huwezi kuazima sifuri yake.

Swali likisema "adiabatiki" bila neno "inayorejesheka", usiandike sifuri kwanza. Tafuta gesi ilikuwa inasukuma nini, upate T2, kisha urudi kwenye fomula.