Kwanza maneno: ninavyohakiki tamthilia za muziki Nairobi

Kabla ya sauti za waimbaji, kabla ya dansi, mavazi na taa, mimi huhukumu maneno ya nyimbo. Nimehakiki michezo ya jukwaani hapa Nairobi kwa muda mrefu, na msimamo huu unazidi kukomaa: aliyeketi kiti cha nyuma kabisa asipoyashika maneno ya wimbo, mchezo umemwacha nje, hata kwaya iwe tamu namna gani.

Katika tamthilia ya muziki, mhusika huanza kuimba pale mazungumzo yanaposhindwa kubeba kilichomo moyoni mwake. Maamuzi hufanyika ndani ya wimbo. Msichana anauanza akitaka kubaki kwa mamake, anaumaliza akiwa ameamua kupanda basi la usiku. Kama sikuyasikia maneno, onyesho linalofuata litaniletea mtu nisiyemjua. Ndiyo maana kila wimbo unapokwisha najiuliza: kimebadilika nini? Ikiwa hakuna, naandika waziwazi kwamba wimbo huo ungeondolewa. Waelekezi wengine hukasirika. Afadhali wakasirike kuliko mtazamaji alipie nauli na tiketi ili akae dakika nne akisubiri hadithi iendelee.

Kiswahili kina jambo lake hapa, na sielewi kwa nini wahakiki wenzangu hawaligusi. Mkazo wetu, isipokuwa kwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: nyumBAni, mapeNZIni, kwaHEri. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, kwa hiyo watunzi wa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho New York, na wa London wamezoea kuufunga mstari kwa pigo zito, noti ndefu ya juu inayoshikiliwa mpaka makofi yaanze. Mtunzi wetu aliyekulia kwenye mahadhi hayo huyachukua yalivyo na kuyavisha maneno ya Kiswahili. Noti ile ndefu inatua juu ya silabi ya mwisho, ambayo sisi huitamka kwa wepesi. Badala ya nyumbani tunasikia nyumbaNIII. Sikio linasita kulitambua neno, na likishalitambua, mstari wa pili umeshapita. Watazamaji watasema hawakusikia vizuri, lawama impate fundi wa sauti, kumbe kosa lilitendeka siku wimbo ulipotungwa.

Tiba yake si ngumu. Noti ndefu iwekwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha mahadhi yashuke na kutua pamoja na neno. Malenga wetu wameishi na sheria hii. Katika tarbia iliyozoeleka, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, mshororo una mizani (silabi) 16, vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande kina mahali pa kupumua. Waimbaji wa taarab wameyabeba mashairi ya aina hiyo kizazi baada ya kizazi, fidla na ala ya nyuzi iitwayo kanuni zikiwazunguka, na msikilizaji akarudi nyumbani na maneno yote kichwani. Mtunzi wa jukwaani wa Nairobi angekaa wiki moja tu na mashairi hayo angejifunza mambo ambayo rekodi za New York haziwezi kumfundisha.

Hata mgeni akisikiliza vizuri hupatia. The Lion King ilipofika jukwaa la Broadway mwaka 1997, ilikuja na wimbo ambao Elton John aliujenga juu ya maneno yetu mawili, hakuna matata. Uimbe polepole utaona: KU na TA ndizo zinazopata uzito, kama tunavyosema wenyewe. Sisi wenye lugha hatuna kisingizio.

Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, ni habari nyingine, na ninaifurahia sana jukwaani. Sheng hukata maneno au huazima mengine mafupi: matatu inakuwa mat, pesa zinakuwa doh. Mara moja mtunzi amepata silabi fupi nzito za kufungia mstari, na ndiyo sababu vijana wanaporap jukwaani maneno yao hufika mpaka nyuma wakati wimbo wa mapenzi uliotangulia ulipotelea kwenye pazia.

Kuna pia suala la nani anaimba. Stephen Sondheim, aliyeandika maneno ya nyimbo za West Side Story mwaka 1957, alikiri baadaye kwamba wimbo mmoja wa mhusika Maria ulimtia aibu. Vina vilikuwa vya kiufundi mno kwa msichana aliyetoka Puerto Rico juzi. Nalikumbuka jambo hilo kila nikimwona mama mboga wa jukwaani akiuza sukuma wiki kwa Kiswahili cha soko la Gikomba, kisha bendi inaanza na ghafla anaimba kama kitabu cha fasihi cha kidato cha nne. Mwigizaji anajitahidi, sauti anayo, lakini mhusika ameondoka. Mtunzi amemnyang'anya mdomo wake.

Kuhusu vyombo sitasema mengi. Bendi ya watu hai inaweza kumsubiri mwigizaji aliyevuta pumzi, muziki uliorekodiwa haumsubiri mtu. Nafahamu gharama, simlaumu mzalishaji asiye na fedha. Ila wengi wa waigizaji wetu wamepikwa na tamasha za drama za shule, ambako walifundishwa kutupa sauti mpaka dirisha la mwisho la ukumbi. Ukimfunga mtu huyo maikrofoni shavuni bila kumzoesha, herufi zote zinapasuka. Mazoezi mawili matatu yenye vipaza sauti yangesaidia kuliko taa za ziada.

Halafu kuna muda. Broadway mchezo huonyeshwa kwa wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa rasmi, ukirekebishwa kila siku, na wahakiki huingia mwishoni. Hapa mchezo mara nyingi hufunguliwa Ijumaa na kufungwa Jumapili. Mimi nikiingia Kenya National Theatre Ijumaa jioni, naona kitu ambacho kingeitwa mazoezi kwingineko. Naandika usiku huohuo ili anayetaka kwenda Jumapili asome mapema. Lakini siandiki kwa ajili ya Jumapili peke yake. Naandika ili watunzi wawe na kitu cha kushika watakapourudia mchezo, na ili kubaki kumbukumbu.

Kumbukumbu ina uzito wake nchini mwetu. Mwaka 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wa kikundi cha kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walitayarisha Maitũ Njugĩra, tamthilia iliyosimama juu ya nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Walinyimwa ruhusa ya kuionyesha Kenya National Theatre. Watu walifurika kwenye mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka hayo nayo yakasimamishwa, na mwaka huohuo jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Mchezo ambao haukupata hata usiku mmoja wa kufunguliwa rasmi bado tunaweza kuuzungumzia, kwa sababu waliokuwepo waliandika. Tamthilia ngapi za muziki zimepita Nairobi tangu hapo, zikaimbwa wikendi moja, na leo hakuna anayeweza kukutajia mstari mmoja wa nyimbo zake?

Michezo ya nje nayo huja, na naihakiki kwa kipimo hichohicho. Leseni zake kwa kawaida haziruhusu kugeuza maneno bila idhini ya wenye haki, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyingi kuimbwa hapa kwa Kiingereza chake cha asili. Sina ugomvi nayo. Ila nguvu yangu naiweka kwa wanaotunga upya, kama mwanamuziki Eric Wainaina, ambaye tamthilia yake ya muziki Mo Faya ilichukua maisha ya mtaa wa Nairobi ikayafikisha hadi New York.

Kwa vikundi vinavyoandaa michezo ya msimu ujao nina ombi. Kijitabu cha mchezo kisiishie kwa picha za waigizaji na salamu za wafadhili. Chapeni jina la aliyeandika maneno ya nyimbo, na kama yametafsiriwa, jina la mfasiri. Mkiweza, chapeni maneno yenyewe, hata ya nyimbo mbili tatu. Mimi msinipe kijitabu hicho mlangoni. Nipeni nikitoka, nikishasikiliza kama mtu mwingine yeyote aliyelipa tiketi yake, nione ni mistari ipi iliyonifikia na ipi iliyobaki jukwaani.