Je, wajua kwa nini bangili ya ngozi hukakamaa na kupasuka?

Bangili ya ngozi iliyovaliwa kwa miaka kadhaa bila kutunzwa huwa na nyufa nyembamba pale inapokunjika, hasa karibu na kishikizo. Wengi husema kwamba ngozi hiyo ina kiu, kisha huimwagia mafuta wakitumaini kwamba itashiba na kupona. Imani hiyo ndiyo iliyoharibu bangili nyingi nzuri, kwa kuwa ngozi iliyosindikwa haina uhai wa kuona kiu, na kazi ya mafuta ndani yake si kulisha bali ni kulainisha msuguano.

Ngozi ni nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopitana huku na huku kama pamba iliyoshindiliwa. Ngozi mbichi ikikauka, nyuzi hizo hugandana na kuwa ngumu, kama tunavyoiona ile inayowambwa kwenye ngoma. Usindikaji hubadili hali hiyo. Tanini inayotoka katika magome ya miti kama mwaloni na mkandaa hujishikiza kwenye kolajeni, ikaikinga isioze na kuzizuia nyuzi zisigandane kabisa. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa na pengine miezi, ilhali njia ya chumvi za kromi, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, humalizika kwa muda mfupi zaidi.

Kwa bangili ninayoitengeneza kwa mkono, mimi huchagua ngozi ya magome, yenye unene wa milimita 2.5 hadi 3.5, iliyokatwa sehemu ya mgongo ambako nyuzi zimeshikamana. Ya tumboni hulegea upesi. Tone la maji likidondoshwa juu ya ngozi ya magome isiyopakwa rangi, huzama na kuacha doa jeusi kidogo linalofifia likikauka. Ngozi ya kromi mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au samawati hafifu ukiikata na kuutazama ukingo wake.

Urefu nao una hesabu yake. Ngozi yenye unene wa milimita 3 ikikunjwa kuzunguka mkono, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa, kwa hiyo kipande kilichokatwa kwa kipimo kamili cha mkono kitapungua kwa takriban milimita 9. Nyongeza hiyo haina budi kuwekwa, mbali na sentimita 2 hivi za mahali pa kupandanisha kishikizo.

Maji ndiyo yanayoipa bangili umbo. Ngozi hulowanishwa kwa sponji, ikaachwa hadi uso wake uanze kurudia rangi ya awali huku ukibaki na ubaridi ukiugusa kwa shavu. Wakati huo nyuzi huteleza kirahisi, na ngozi ikifungwa kwenye kitu cha mviringo na kuachwa ikauke kivulini, nyuzi hubaki zilivyopangika. Kuiharakisha kwa moto ni kosa kubwa, maana ngozi ya magome iliyolowa husinyaa ikifikia takriban nyuzijoto 70 hadi 85 za Selsiasi, na ikishasinyaa hairudi. Tena, katika hatua hii chuma kiwekwe mbali: rula ya chuma iliyosahauliwa juu ya ngozi iliyolowa iliniachia mstari mweusi kama wino, kwa sababu tanini na chuma vikikutana huzaa rangi nyeusi.

Maji yanapotoka, hata hivyo, huondoka na utelezi wake. Nyuzi kavu zikikunjwa husuguana, hukatika moja moja, na mkatiko huo ukifika juu ndipo tunapouona ufa. Mafuta huchukua nafasi ya maji hayo kwa kuzifunika nyuzi ili zipishane bila kuumizana. Mafuta ya miguu ya ng'ombe hupenya vizuri, nayo nta ya nyuki hubaki juu na kuzuia maji, ndiyo maana mafundi wengi huvichanganya. Hupakwa safu nyembamba kwa kitambaa, zaidi upande wa uso, kisha bangili huachwa usiku kucha kabla ya kuamua kama yahitaji safu ya pili. Yakizidi, nyuzi huteleza mno, umbo lililopatikana kwa maji hulegea, na nguo huchafuka.

Jasho huongeza kazi hii, kwa kuwa chumvi yake hubaki ndani ya ngozi maji yakishakauka. Futa upande wa ndani kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupaka chochote, la sivyo mafuta yatafungia chumvi humo humo. Nyuzi zilizokwisha kukatika haziungwi na mafuta yoyote; bangili yenye nyufa itakuwa laini zaidi, lakini nyufa zitabaki pale pale.