Mashine nyingi zinazojifanya moja

Nikitaka kuwaeleza vijana wa mafunzo mfumo endeshi uliosambazwa, yaani programu inayofanya kompyuta nyingi zionekane kama moja, naanzia kwenye steji ya boda hapa Wandegeya. Abiria hamtafuti dereva fulani. Anasema "Ntinda," na mwenye zamu anawasha pikipiki. Amoeba, mfumo uliojengwa Amsterdam miaka ya 1980 na Andrew Tanenbaum na wenzake, ulikwenda hivyo hivyo: vichakataji, yaani sehemu za kompyuta zinazofanya hesabu, vilikuwa vya wote, ukitoa amri mfumo unakutafutia chenye nafasi. Faili unaiita kwa jina. Iko diski gani, si shauri lako. Chini yake, kila mashine ina kiini chake kidogo, yaani programu ya msingi inayoiendesha, na viini hivyo vinatumiana ujumbe mtandaoni.

Faida zinajieleza. Kazi zikizidi unaongeza mashine ya kawaida, na moja ikifa nyingine zinaendelea.

Taabu iko kwenye hilo neno "ikifa". Kusoma kumbukumbu ya ndani ya mashine (RAM) huchukua kama nanosekunde 100. Ujumbe wa kwenda na kurudi kati ya mashine mbili za chumba kimoja, nusu milisekunde hivi, yaani mara 5,000. Jibu lisipokuja, huwezi kujua kama mwenzako amezimika, amechelewa, au waya umekatika. Hakuna mfumo endeshi unaoweza kukufichia hilo.

Niliwahi kusimamia seva mbili za sacco moja, Kampala na Jinja. Jioni moja kiungo kilikatika, kila seva ikadhani mwenzake amekufa, ikajitwalia uongozi. Akaunti ya mtu na mkewe ilikuwa na shilingi 450,000. Mama akatoa 400,000 Jinja, mzee akatoa 400,000 Kampala. Mtandao uliporudi tulikuwa na daftari mbili, kila moja imejumlishwa sawasawa. Nani alitangulia? Saa za seva mbili hazilingani kabisa. Ndiyo maana Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, mwaka 1978, alionyesha namna ya kupanga matukio kwa kuyahesabu badala ya kuamini saa.

Tukaweka seva ya tatu Mbarara, na sharti: bila kura mbili kati ya tatu, yaani seva mbili kukubaliana, hakuna kuandika. Kiungo kilipokatika tena na seva ya Jinja ikabaki peke yake, meneja wa Jinja akanipigia, wateja wamejaa dirishani.

"Ssebo, umeme upo, mashine inawaka, mbona imegoma?"

Nikamwambia haijagoma, inangoja kura.