Kiatu cha jina hakikungoji kabatini

Kila baada ya Idi na kila msimu wa harusi, meza za mafundi viatu wa Ngamiani, Tanga, hupokea kiatu kilekile chenye sura mbalimbali. Juu kinang'aa, ngozi haina hata mkunjo. Chini soli inamong'onyoka kama biskuti iliyolowa chai. Na maneno ni yaleyale: "Fundi, hiki kiatu cha jina, nimekinunua ghali, sijakivaa hata mara tatu. Siku hizi wanatuuzia takataka." Malalamiko yana ukweli ndani yake, ila lawama hupelekwa nyumba siyo.

"Sijakivaa, kwa hiyo hakikutakiwa kuharibika"

Kati ya kauli za wateja, hii ndiyo inayochosha kuliko zote, tuimalize kwanza.

Soli nyingi nyepesi za viatu vya ofisini, vya kutembelea na buti za kazini ni za poliyurethani, ile ambayo madukani huitwa PU. Huanza kama vimiminika viwili vinavyochanganywa na kumiminwa kwenye kalibu. Vinaumuka kama maandazi, kisha vinaganda vikiwa na mapovu ndani. Mapovu hayo ndiyo yanayokufanya usifie kiatu dukani kwa wepesi na ulaini. Aina inayotumika sana kwenye soli ni ya poliesta. Haichakai upesi kwa msuguano, haiogopi mafuta, ila inaogopa maji. Na wala halihitajiki dimbwi, mvuke uliomo hewani unatosha. Mvuke hukata viungo vya poliesta kimoja kimoja, kila kinapokatika hutoka asidi kidogo, na asidi hiyo huharakisha kukatika kwa kinachofuata. Joto nalo huchochea: kwa kanuni ya jumla ya kemia, nyuzi 10 zikiongezeka, mwendo wa kazi kama hiyo hukaribia kuwa mara mbili.

Sasa lete kabati la Tanga. Mchana nyuzi 30, unyevu wa hewa asilimia 70 na ushee, mlango umefungwa, kiatu kimo ndani ya boksi, ndani ya boksi kimefungwa nailoni. Hicho kiatu umekivundika kama ndizi, halafu unashangaa kimeiva.

Umri wa soli ya PU huhesabiwa tangu siku iliyotoka kalibuni, na siku uliyolipa dukani haihusiki. Watengenezaji wa buti za milimani huko Ulaya, kwenye baridi yao, huzungumzia miaka 5 hadi 10. Kiatu kilichokaa miaka 3 ghalani na dukani kabla ya kukufikia kimekwisha kula sehemu ya umri wake. Tazama raba ya Air Max 1 ya Nike iliyotoka mwaka 1987. Wakusanyaji wa viatu duniani huithamini sana, lakini za mwaka ule ule hawazivai, kwa sababu soli ya kati ni ya PU na humeguka hatua za mwanzo. Hakuna anayesema zilikuwa feki.

Kipimo ni rahisi. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa dole gumba. Ikirudi upesi na isiache alama, ni nzima. Alama ikibaki, au ukahisi inanata, au unga ukatoka, kazi imekwisha. Kisha kunja kiatu mahali vidole vinapokunjia uangalie nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa zikishafika hapo, usikivae safarini, kitakuvua katikati ya stendi.

Ukishaona unga, usiombe gundi. Gundi itashika vizuri sana, tena, lakini itashika chembe ambazo zenyewe haziko pamoja. Fundi anayekubali kupaka gundi juu ya PU iliyooza anakuuzia wiki mbili. Kinachofaa ni kubadili soli nzima: kung'oa yote, kukwangua mabaki mpaka mwisho, kupiga msasa, kufuta kwa asetoni, kupaka gundi ya kiatu pande zote mbili, kungoja dakika 10 hadi 20 ikauke mpaka isinate kidoleni, kupaka mkono wa pili, kuipasha moto, kugandamiza na kugonga kwa nyundo, halafu kukiacha siku nzima kabla ya kuvaa. Soli mpya iwe ya mpira au EVA, ile sponji nyepesi ya plastiki. Ikiwa ina ukuta unaopanda pembeni, ishonwe kuzunguka. Bei inaweza kufika nusu ya kiatu cha mtumba, ndiyo, lakini kama ngozi ya juu ni nzuri inalipa. Kama ubao wa ndani nao umelegea kama karatasi iliyonyeshewa, achana nacho.

Kuhifadhi: toa nailoni. Weka kiatu kwenye rafu yenye hewa, mbali na sakafu na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Vile vipakiti vyenye punje vinavyokuja na boksi hunyonya unyevu mpaka vishibe, kisha havina kazi. Vya miaka 2 iliyopita ni mapambo. Na kivae. Hata watengenezaji hushauri kiatu cha PU kivaliwe mara kwa mara, kwa kuwa hatua husukuma unyevu nje ya mapovu. Kiatu cha Idi mbili kwa mwaka ndicho kinachokufa mapema.

Neno moja kwa wanaofanya kazi bandarini na viwandani. Buti za usalama nyingi soli yake ni PU tupu, tabaka mbili. Zenye alama ya EN ISO 20345, yaani kiwango cha viatu vya usalama, hupaswa kuonyesha mwaka wa kutengenezwa pamoja na mwezi au robo ya mwaka. Tafuta kwenye ulimi, kando, au kwenye duara dogo mfano wa saa chini ya soli. Buti "mpya" ya bei ya kutupa, angalia hapo kwanza.

"Ni kwa sababu imetengenezwa Asia"

Viwanda vya China na Vietnam hutengeneza kile walichoagizwa kwa bei waliyopewa. Dr. Martens walihamishia uzalishaji wao mwingi Asia mwaka 2003, lakini soli ya buti yao ya asili ni ya PVC, aina ya plastiki, na PVC haiozi kwa mvuke kama PU. Kwa ugonjwa huu, buti yao hiyo ya Asia itaishi muda mrefu zaidi kabatini Tanga kuliko kiatu cha PU kilichotoka Italia. Clarks, walioanza katika kijiji cha Street nchini Uingereza mwaka 1825, wana viatu vya soli ya krepu, ule mpira laini wa asili, vya PU na vya aina nyingine chini ya jina lilelile. Jina ni moja, magonjwa ni tofauti. Krepu, kwa mfano, haimeguki, ila kwa joto la pwani hulainika na kuokota kila uchafu wa barabara.

Kilichoshuka kweli ni vitu visivyoonekana dukani. Soli iliyokuwa ikishonwa kwenye ukanda unaozunguka kiatu sasa hubandikwa kwa gundi tu. Ubao wa ndani uliokuwa ngozi sasa ni karatasi iliyoshindiliwa. Kisigino cha ndani kilichokuwa kigumu sasa ni kadibodi inayokubali kukanyagwa. Lalamikia hayo, una haki.

"Kimeshonwa, kwa hiyo ni imara"

Uzi unaouona pembeni mara nyingi ni pambo, au hata si uzi, ni mistari iliyochorwa na kalibu. Geuza kiatu: ushonaji wa kweli huonekana chini ndani ya mfereji wa soli, au ndani ukiinua kitambaa cha unyayo. Kama hauonekani popote, mara nyingi kinashikiliwa na gundi. Hilo si aibu, gundi nzuri iliyopakwa vizuri hushika miaka. Ila mteja aliyelipia uzi apewe uzi.

"Ngozi halisi haiungui kwa kiberiti"

Acheni kuchoma viatu. Ngozi yenye rangi na utando wa plastiki juu yake itaungua utando, na utaitukana bure. Ngozi ya tabaka la chini iliyofunikwa utando ni ngozi pia, ndiyo inayochubuka vipandevipande mahali pa kukunjia ndani ya mwaka. Tazama ukingo uliokatwa, pale ulimi unapoishia: ngozi ina nyuzi zilizosokotana ovyo, bandia ina kitambaa na utando juu yake, wazi kama mkate na siagi.

"Mtumba wa jina ni imara kuliko mpya wa duka"

Wakati mwingine, kwa ngozi na mpira. Kwa raba zenye PU ni bahati nasibu, maana hujui zimekaa miaka mingapi nchi za watu. Raba za Nike huwa na lebo ndogo ndani ya ulimi yenye tarehe za uzalishaji, na za Adidas huonyesha mwezi na mwaka. Soma kabla ya kubishana bei. Ikiwa lebo imekatwa, rudi kwenye ukucha.

"Nimekitia supa gluu kwanza"

Umekiua. Supa gluu hukauka ngumu kama kioo, na soli inakunjwa kila hatua, kwa hiyo huvunjika, kisha huacha utando ambao gundi ya kiatu haiushiki. Fundi analazimika kuutoa kwa msasa pamoja na nyama ya soli. Kiatu kilichoachia mdomo tu, kikiletwa kikavu na bila gundi ya nyumbani, ni kazi ndogo ya kukiacha leo na kukichukua kesho. Kilichopakwa mara tatu ni kazi ya siku mbili, na bei yake ni nyingine.