Nishati tuli ya upinde haikai kwenye kamba

Safari hii nimeisikia kwa mwalimu anayewafundisha watoto fizikia kwa upinde na mshale: "Vuteni kamba ijae nguvu." Maneno manne, makosa mawili.

Nishati tuli ni uwezo wa kufanya kazi ambao kitu kinao kwa sababu ya mahali kilipo au jinsi umbo lake lilivyogeuzwa. Basi, hiyo ndiyo maana.

Sasa kamba. Kamba ya upinde, ugwe kwa jina lake, haitakiwi kurefuka. Kinachogeuka umbo ni mti wenyewe, na lugha ilishatuambia: upinde umetokana na kupinda. Jina halikutoka kwenye kamba wala kwenye mshale, bali kwenye kile kitendo kinachoweka akiba. Manati ni kinyume chake, panda imetulia tu na mpira ndio unaorefuka. Mpe mtoto vyote viwili avute polepole. Kwenye upinde ataona ncha mbili za mti zikimsogelea, kamba ikiwa na urefu uleule.

Kosa la pili ni hilo neno nguvu. Mtaani limebebeshwa kila kitu, nguvu za mtu, nguvu za dawa, mpaka nguvu za umeme. Darasani tuna kani, yaani msukumo au mvuto, na nishati, na si ndugu pacha. Upinde ulioandikwa pauni 20 umetaja kani ya kuuvuta, kwa desturi hadi inchi 28. Nishati inataka na umbali pia. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba, vuta sentimita 10, soma, 20, soma, hadi 50. Tuseme mwishoni inasoma kilo 10, karibu niutoni 100 (niutoni ni kipimo cha kani), na kani imepanda sawasawa. Grafu ya kani na umbali inakuwa pembetatu, na eneo lake ndilo nishati: nusu ya kitako (mita 0.5) mara kimo, yaani 0.5 × 0.5 × 100, jouli 25, jouli ikiwa kipimo cha nishati. (Wale wanaouliza pembetatu zina kazi gani duniani hunyamaza hapo.)

Mshale hauchukui jouli zote. Nyingine hubaki kwenye mti na kamba vinavyotikisika, na ukiachia bila mshale zote hubaki humo. Pinde nyingi zimevunjika hivyo.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kesho ukisimama mbele yao jaribu hivi: "Vuteni kamba, upinde upinde."